Fimbo ya Kuvulia Trauti na Krapi Missouri: Ipi Inunuliwe Kwanza Kabla ya Machi

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Machi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ishara ya kuanza msimu hutolewa katika mbuga nne za trauti za jimbo la Missouri, yaani Bennett Spring, Montauk, Roaring River na Maramec Spring, na watu waliosimama bega kwa bega kandokando ya maji hurusha ndoano zao kwa pamoja. Wiki chache baadaye, miti ya dogwood inapotoa maua meupe, krapi, samaki wa maziwani, nao hutoka vilindini katika maziwa ya Truman, Stockton na Lake of the Ozarks, wakasogea kwenye maji ya kina cha futi chache ili kutaga. Kwa hiyo mtu anayeishi St. Louis, Kansas City au Columbia anapata samaki wawili wa tabia tofauti ndani ya majira mamoja ya kuchipua, na mfuko wake ni ule ule mmoja.

Wengi wetu tuliotoka Kigoma, Uvira, Bukoba au Kisumu tulijifunza kuvua kwa mshipi wa mkononi, au kwa mwanzi usio na rili, yaani gurudumu la kuzungushia mshipi, na hatukuwahi kuhitaji kusoma maandishi yaliyochapwa juu ya mpini. Ndiyo maana tukiingia katika duka la Marekani lenye fimbo mia mbili ukutani, hutoka na ile iliyosifiwa zaidi na muuzaji. Mimi nilitoka na fimbo ngumu ya futi 7 yenye herufi MH, yaani daraja la ugumu lililo juu ya wastani, niliyoambiwa kwamba inafaa kwa samaki wote. Siku ya kwanza ziwani sikuhisi krapi hata mmoja akidonoa chambo, na wawili niliofanikiwa kuwanasa walichanika mdomo kabla hawajafika mkononi. Mwongozo huu unapanga fimbo kwa swali moja tu: ni ipi itakayomtumikia mnunuzi wa mara ya kwanza kwa samaki wote wawili, kabla hajashawishika kununua ya pili.

Samaki ndio wanaoamua

Krapi, awe mweupe au mweusi, ana ngozi nyembamba mno pembeni mwa mdomo, kiasi kwamba ukiuinua mdomo wake kuelekea kwenye jua unaweza kuona mwanga ukipenya. Akivutwa kwa nguvu, ndoano hutoboa tundu, tundu hupanuka, naye huondoka. Mara nyingi hachukui chambo kwa kukivuta chini, bali hukinyanyua kutoka chini kwenda juu, kwa sababu macho yake hutazama juu, na dalili pekee anayoiona mvuvi ni mshipi kulegea ghafla. Trauti wa mbuga hizo, ambao ni wale wa upinde wa mvua wenye asili ya pwani ya Pasifiki, hulelewa katika mabwawa ya serikali na wengi wao huwa na uzito wa takriban ratili moja. Wanaishi katika maji ya chemchemi yenye baridi ya nyuzi kama 14 za Selsiasi mwaka mzima, maji maangavu kiasi kwamba mshipi mnene huwashtua.

Krapi kwa udhaifu wa mdomo wake, na trauti kwa ukali wa macho yake, wanadai vitu vile vile: ncha laini, mshipi mwembamba, na uwezo wa kurusha chambo chepesi sana. Jigi ya kawaida kwa samaki hawa, yaani ndoano yenye kichwa kidogo cha risasi na mkia wa manyoya au plastiki, huwa na uzito wa wakia 1/16 au hata 1/32, na zote mbili ni nyepesi kuliko sarafu ya Marekani ya senti moja. Fimbo ngumu haiwezi kuhisi kitu cha uzito huo, sembuse kukirusha.

Nafasi ya kwanza: fimbo ya UL ya futi 6 hadi 6 na nusu, yenye rili ya wazi (mshipi wake haujafunikwa) ya saizi 1000

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu bila kusita. Herufi UL huonyesha daraja la wepesi kabisa, na juu kidogo ya mpini utakuta pia uzito wa mshipi na uzito wa chambo ambao fimbo imetengenezewa; tafuta ile inayotaja mshipi wa ratili 2 hadi 6, yaani uzito ambao mshipi huhimili kabla ya kukatika, na chambo kuanzia wakia 1/32. Iliyofungwa pamoja na rili yake hupatikana kwa dola 40 hadi 60. Kwa bei hiyo fimbo yenyewe huwa nzuri vya kutosha, lakini rili ndiyo hutofautiana sana, kwa hiyo uchunguzi wako uelekee huko.

Urefu nao una maana. Fimbo ya futi 5 inapendeza kwenye kijito chembamba chenye matawi juu ya kichwa, ila ziwani inakunyima umbali, na pia haipindi vya kutosha kupokea mshtuko wa samaki. Ile ya futi 6 na nusu hupinda taratibu kutoka ncha hadi katikati, na kule kupinda ndiko kunakolinda mdomo wa krapi na kuuokoa mshipi wa ratili 4 usikatike pindi trauti anapogeuka na kukimbia na mkondo. Chagua inayogawanyika vipande viwili ili ienee ndani ya gari. Kuhusu malighafi, kaboni huleta mguso wa samaki mkononi kwa uwazi zaidi kuliko faiba (nyuzi za kioo), lakini huvunjika upesi ikibanwa na mlango wa gari, na ndivyo zinavyokufa nyingi.

Udhaifu wake usifichwe. Krapi wakiwa wamejificha ndani ya matawi yaliyozama, fimbo hii haina nguvu ya kuwachomoa kwa haraka, na iwapo kambare wa ratili kumi atakichukua chambo chako, utakuwa na dakika ishirini za mashaka.

Nafasi ya pili: ufito mrefu wa krapi

Ufito wa futi 10 hadi 12, ambao vipande vyake huingiana kama antena ya redio ya zamani, ni jamaa wa karibu wa mwanzi wa nyumbani, na huuzwa kwa dola 15 hadi 30. Mshipi hufungwa kwenye ncha, au huzungushwa kwenye rili ndogo isiyo na kazi nyingine zaidi ya kuuhifadhi. Hakuna kurusha: unanyoosha mkono, unashusha jigi wima kando ya gogo au nguzo ya gati, unaituliza kidogo juu ya kina unachodhani samaki wapo, unangoja. Katika wiki zile za kutaga, maji yanapofikia nyuzi 16 hadi 20 na madume waliogeuka weusi wanalinda viota, hakuna fimbo inayovua krapi wengi zaidi ya hii, kwa sababu chambo huingia pale pale penye matawi na kutoka bila kujikwaa. Anayeijua atakaa mahali pamoja na kujaza ndoo, huku jirani mwenye vifaa vya dola mia tatu akihangaika kunasua ndoano.

Kinachoiweka katika nafasi ya pili ni trauti. Ufito usio na rili hauna mshipi wa akiba wa kumpa samaki anayekimbia, na kwenye ukingo uliojaa watu mwezi Machi, futi 12 za ufito ni karaha kwa majirani wa pande zote mbili. Kama ziwa liko karibu nawe na mbuga za trauti ziko mwendo wa saa tatu, basi geuza mpangilio wangu: anza na ufito.

Nafasi ya tatu: seti yenye rili ya kibonyezo

Hapa mshipi umefunikwa ndani ya kopo, nawe unabonyeza kwa kidole gumba na kuachia. Kampuni ya Zebco ya Tulsa, Oklahoma, iliyoanza kutengeneza rili za namna hii mwaka 1949, hapo awali ilikuwa ikitengeneza mabomu ya kazi za visima vya mafuta, na jina lake ni ufupisho wa Zero Hour Bomb Company. Kwa mtoto wa miaka sita au saba seti hii inafaa sana, hasa ikiwa fimbo ni ya faiba. Kwa mtu mzima inachosha: nyingi huja zimeshajazwa mshipi mnene, breki zake, zinazodhibiti mshipi unapovutwa na samaki, ni za kubahatisha, na jigi ya wakia 1/32 haina uzito wa kuutoa mshipi ndani ya kopo.

Nafasi ya nne: fimbo ya nzi

Kwa uzuri wa uvuvi wenyewe ningeiweka juu. Ewart Grogan alipoleta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, alileta pia desturi hii, na msomaji aliyekulia Nyeri huenda amewahi kumwona mtu akiuchezesha mshipi hewani kama mjeledi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na nzi wa bandia hufuata tu. Fimbo ya futi 9, namba 5, pamoja na rili na mshipi wake, huanzia takriban dola 100, kisha yafuate masomo, na mnunuzi ajitayarishe kwa siku kadhaa za kunasa miti na kofia yake mwenyewe. Katika mbuga za trauti zipo sehemu zinazoruhusu nzi pekee, na huko ndiko fimbo hii inakolipa. Ziwani kwa krapi inawezekana, ila kwa nini ujitese?

Fimbo za M (ugumu wa wastani) na MH, zile za samaki wa besi na kambare, sikuzipa nafasi yoyote. Sababu nimekwisha kuieleza.

Namna ya kuikagua dukani

Nenda na ufunguo mmoja mdogo, kipande cha mshipi na pamba kidogo. Pitisha mshipi kwenye pete zote za fimbo ya UL, fungia ufunguo mwishoni, uinue. Ncha isipoinama waziwazi, hiyo ni UL kwa jina tu. Kisha sugua pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa mahali, pete ina ufa, na ufa huo utaukata mshipi wa ratili 4 siku ambayo samaki mkubwa amekuja.

Halafu ije rili. Legeza breki nusu, uvute mshipi polepole kwa vidole: unapaswa kutoka kwa mfululizo, bila kukwamakwama. Breki inayokwama kisha kuachia ghafla ndiyo inayokata mishipi myembamba, na hakuna idadi ya gololi zilizoandikwa kwenye boksi itakayoitibu. Fungua na kufunga ule upinde wa waya wa rili, unaouongoza mshipi, mara kumi, ukisikiliza kama unafunga kwa mlio ule ule kila mara. Muuzaji akikukataza kufanya haya, rudisha fimbo ukutani.

Vitu vinavyofuata fimbo

Mshipi uliokuja na seti uondoe, uweke nailoni mpya ya ratili 4. Ni gharama ya dola chache, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Wasiojua hununua ule wa kusokotwa kwa sababu ni imara, kumbe haunyumbuki hata kidogo, na mdomo wa krapi hauwezi kuustahimili. Kwa wanaotumia dagaa hai, chukua ndoano za waya mwembamba namba 4 au 6: zikinasa kwenye gogo hunyooka zikivutwa taratibu, nawe unazikunja upya kwa koleo na kuendelea. Ongeza jigi kumi za rangi mbili au tatu, chubwi ndogo, na boya jembamba linalozama kwa mguso mdogo. Yale maboya mekundu na meupe yenye umbo la mpira ni makubwa mno kwa krapi; atalisukuma, atalihisi, ataacha chambo.

Buti za kuingilia majini zinahitaji tahadhari ya pekee. Tangu tarehe 1 Machi 2012, soli za sufu iliyoshindiliwa zimepigwa marufuku katika mbuga za trauti za Missouri na katika mito mingine ya trauti, kwa kuwa hubaki na unyevu na kubeba mwani vamizi uitwao didymo kutoka mto mmoja hadi mwingine. Mitandaoni bado huuzwa, tena kwa bei ya kuvutia, na picha haionyeshi soli kila wakati. Nunua za mpira.

Mwisho ni karatasi. Kibali cha uvuvi cha mwaka, kinachohitajika kwa wenye umri wa miaka 16 hadi 64, huisha siku ya mwisho ya Februari, bila kujali ulikinunua lini. Kwa hiyo aliyekinunua Novemba, akaja Bennett Spring asubuhi ya tarehe 1 Machi akiwa na fimbo yake mpya, hana kibali. Kikiwapo, bado utahitaji tiketi ya siku inayouzwa pale pale mbugani, na watoto nao wanayo ya kwao. Foleni yake huanza kabla ya alfajiri.