Mafunzo ya mashine za kupumulia kwa wauguzi wa dharura, Mtwara: yanafaa sana, ila oksijeni imesahaulika

Mafunzo ya kutumia mashine za kupumulia yaliyotolewa mjini Mtwara kwa wauguzi wa idara za dharura wa Mtwara na Lindi nayapendekeza kwa moyo wote, japokuwa lipo pengo ambalo waandaaji wanapaswa kuliziba kabla ya kuita kundi jingine.

Mihadhara ni michache. Muda mwingi mshiriki husimama kando ya kitanda chenye sanamu la mgonjwa ambalo kifua chake hupanda na kushuka, huku mkufunzi akiibadilisha hali yake bila kutoa taarifa. Katika zoezi lililonigusa zaidi, kengele ya shinikizo kubwa ililia, na mwenzetu akanyoosha mkono kuizima. Mkufunzi hakumkaripia, bali alimwomba amtazame mgonjwa: upande wa kushoto wa kifua ulikuwa umetulia tuli, kwa kuwa bomba la kupitishia hewa kooni lilikuwa limezama mno na kuingia katika njia ya hewa ya pafu la kulia. Ndipo tukazoezwa, tena na tena, kuanza na mgonjwa: hali inapozorota ghafla, kumtenganisha na mashine na kumpa pumzi kwa ambubegi, yaani mfuko wa hewa unaominywa kwa mkono, kisha kuchunguza kama bomba limehama au limeziba, kama hewa imevuja kifuani na kulibana pafu, au kama hitilafu ni ya mashine yenyewe.

Upangaji wa kiasi cha hewa nao ulifundishwa kwa uangalifu. Kipimo hutokana na urefu wa mgonjwa, wala si uzito unaosomwa kwenye mizani, kwa sababu mapafu hayakui mtu anaponenepa. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kuwa na kilo 66, hivyo kwa mililita 6 kwa kila kilo hupewa takriban mililita 400 kwa pumzi moja. Futi ya fundi cherehani inatosha kwa kazi hiyo, na kila idara inaweza kuinunua.

Pengo ni la oksijeni. Chumba cha mafunzo kilikuwa na oksijeni ya ukutani, ilhali wengi wetu humsafirisha mgonjwa kwa mtungi. Mtungi wa lita 1,360, ukitumika kwa lita 10 kwa dakika, huisha baada ya saa mbili na robo hivi, na kutoka Masasi hadi Mtwara mjini ni kilomita zipatazo 200. Hesabu hiyo, ambayo muuguzi anapaswa kuifanya kabla gari la wagonjwa halijaondoka, haikuguswa kabisa. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, kila mtu wa kusini aliona jinsi safari ya rufaa inavyoweza kukwama njiani.

Wauguzi wafawidhi wanaopanga majina wawatume wawili wawili kutoka kila kituo, maana mtu mmoja hawezi kuisimamia mashine zamu zote, na waombe mapema zoezi la kumsafirisha mgonjwa kwa mtungi liingizwe kwenye ratiba.