Essentials Kit ya Dungeons & Dragons kwa anayeunda mhusika wa kwanza

Sanduku nyingi za kuanzia za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wa kubuni) zinakukabidhi wahusika waliokwisha pikwa. Starter Set ya 2014 ina watano, karatasi zao zimejazwa kila kitu, na ndani yake hakuna kanuni ya kuunda wa kwako. Ukitaka kucheza usiku huohuo, hilo ni jambo jema. Lakini wageni wengi wanavutwa na mchezo huu kwa sababu wanataka mhusika wao wenyewe, na kwa hao Essentials Kit, iliyotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2019, ndiyo ya kununua. Kasoro yake ni moja kubwa: kitabu kinaeleza vizuri cha kuchagua, kisha kinakuacha peke yako na karatasi ya mhusika.

Ndani kuna kitabu cha kanuni cha kurasa 64, kitabu cha safari (kisa mtakachokicheza) cha kurasa 64, karatasi 6 tupu za wahusika, ramani, kadi, kizuizi cha karatasi ngumu cha msimamizi wa mchezo, na dadu 11. Dadu zimechaguliwa na mtu anayecheza. Za pande 6 ziko 4, idadi unayohitaji kurusha alama za mhusika (namba za uwezo wake), na za pande 20 ziko 2, kwa hiyo ukiambiwa urushe mbili uchukue iliyo juu, huombi ya jirani. Vitabu vyote viwili vina jalada laini na vitakunjika pembe mapema. Kadi unazichana mwenyewe kwenye mistari yenye vitundu. Zikunje kwanza mbele na nyuma, la sivyo zinachanika kingo. Toa nakala za zile karatasi 6 kabla hujaandika hata jina.

Uchaguzi umepunguzwa kwa busara. Asili, yaani mhusika ni kiumbe wa aina gani, ni nne: binadamu, elfi, dwafu na hafulingi. Kazi ni tano: mpiganaji, kasisi, mjanja, mchawi na malenga. Kitabu kinakutaka uanze na asili. Usikitii hapo. Anza na kazi, kwa kuwa kazi ndiyo inayosema ni alama gani iwe kubwa: mpiganaji anataka nguvu, mjanja wepesi, mchawi akili, kasisi busara, malenga mvuto. Ukishajua hilo, asili inajichagua karibu yenyewe. Elfi na hafulingi wanaongezewa 2 kwenye wepesi, dwafu 2 kwenye ustahimilivu, na binadamu wa kawaida 1 kwenye kila alama.

Alama sita unaweza kuzipata kwa kurusha dadu 4 za pande 6 na kutupa iliyo ndogo, mara sita, au kwa kuchukua seti iliyopangwa: 15, 14, 13, 12, 10, 8. Kwa meza ya wageni watupu, chukueni seti. Dadu zinampa mmoja 18 na mwingine 11 kama alama yake ya juu kabisa, na huyo wa pili atanung'unika mpaka mwisho wa safari, kwa haki kabisa.

Tuchukue mpiganaji binadamu. Nguvu 15, ustahimilivu 14, wepesi 13, busara 12, mvuto 10, akili 8. Ongeza 1 kila mahali: 16, 15, 14, 13, 11, 9. Sasa linakuja jambo linalowaangusha karibu wote. Hizi namba kubwa ni nadra kutumika mezani. Kinachotumika ni modifaya: toa 10, gawa kwa 2, shusha kwenye namba kamili iliyo chini. Kwa hiyo 16 inazaa +3, 15 na 14 zote +2, 13 inazaa +1, 11 ni 0. Na 9? Ni −1, sawasawa na 8, kwa sababu nusu inashushwa hata chini ya sifuri. Yule binadamu amefaidi pale 15 ilipokuwa 16 na 13 ilipokuwa 14. Nyongeza nyingine, kwa leo, ni za kupendeza macho tu. Kwenye karatasi kila alama ina nafasi mbili, na mgeni huandika 16 kwenye zote mbili au kuzibadilisha. Iandike modifaya kwa kalamu nzito, ile 16 kwa penseli.

Kisha bonasi ya umahiri, +2 kuanzia leveli ya 1 hadi ya 4. Inaingia kwenye kushambulia, kwenye stadi ulizozitia tiki na kwenye dadu za kujinusuru (za kuepa hatari kama sumu au uchawi) ambazo kazi yako imezitaja, mbili tu kwa kila kazi. Haiingii kwenye madhara. Mpiganaji wetu mwenye upanga mrefu anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza 5 (3 za nguvu, 2 za umahiri). Akipiga, madhara ni dadu ya pande 8 na 3, basi. Wageni huweka 5 pande zote mbili, na msimamizi anashangaa mbona maadui wanaanguka upesi.

Kinga, namba ambayo adui lazima aifikie ili akupige, nayo ina mtego wake. Deraya ya minyororo inatoa 16 kavu, wepesi hauongezwi. Ngao inafikisha 18. Vazi la ngozi ni 11 pamoja na modifaya ya wepesi, kwa hiyo mjanja elfi mwenye wepesi 17 anapata 14. Deraya ya minyororo inadai nguvu 13, la sivyo mwendo unapungua futi 10 (dwafu hajali), na inakuharibia kunyemelea hata ukiwa na nguvu za tembo.

Stadi zinagongana mara nyingi. Mpiganaji anachagua mbili, na akiwa na usuli wa askari (maisha yake kabla ya safari) anapewa mazoezi ya viungo na kutisha. Akiwa ameshachagua mojawapo kwa upande wa kazi, haipati mara mbili: anachukua stadi nyingine yoyote badala yake. Haki hii husahaulika kabisa.

Mchawi tungemwacha kwa mwenye subira. Katika leveli ya 1 ana uchawi mdogo wa aina 3 usioisha, kitabu chenye uchawi wa aina 6, anaandaa idadi inayolingana na modifaya ya akili na leveli yake, na ana nafasi 2 tu za kuutumia kabla ya kupumzika. Mgeni akiona 6 anadhani ana mipigo sita. Andika zile namba nne kwenye kipande cha karatasi pembeni, maana karatasi ya mhusika haizitenganishi vizuri.

Uhai wa leveli ya 1 haurushiwi dadu. Chukua namba ya juu ya dadu ya kazi na uongeze modifaya ya ustahimilivu: mpiganaji wetu 10 na 2, yaani 12. Mchawi mwenye ustahimilivu 14 ana 8. Hiyo 8 si mchezo, kwani kati ya majukumu ya mwanzo ya safari hii, lile la Umbrage Hill lina manticore, mnyama wa kubuni anayerusha miiba mitatu kwa zamu, kila mmoja dadu ya pande 8 na 3. Miiba miwili ya wastani inamlaza mchawi. Kama ni kundi la leveli ya 1, msimamizi awape dalili mapema kwamba mnyama huyu anasemezeka, na kwamba chakula kinamwondoa.

Kwa watu wawili tu, msimamizi mmoja na mchezaji mmoja, sanduku hili lina kadi za wasaidizi wenye kanuni nyepesi, jambo ambalo Starter Set ya 2014 haina.

Bei iliyotangazwa lilipotoka ilikuwa dola 24.99 za Marekani. Ukiagiza kutoka nje, nauli ndiyo ya kuulizia kwanza. Asiyetaka kulipa aanze na SRD 5.1, kanuni za msingi ambazo Wizards waliziachia kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023. Ni bure, na unaruhusiwa hata kuzitafsiri mradi utaje chanzo. Haina picha wala safari, lakini kazi zote 12 zimo. Ila angalia tarehe ya video unazojifunzia: katika kanuni za 2024 nyongeza za alama zinatoka kwenye usuli, si kwenye asili. Ukichanganya na sanduku hili unaongeza mara mbili, na mhusika anatoka na nguvu 18 ambayo hakuna atakayejua ilikotoka.