Laki moja: kwenye mshahara au kwenye posho?

Serikali ikiweka mezani nyongeza ya laki moja kwa mwezi, chama cha wafanyakazi kiulize kwanza inaingia wapi. Chukua mtumishi wa Dar es Salaam mwenye mshahara wa 900,000. Ikija kama posho ya nyumba kutoka bajeti ya Serikali, haikatwi kodi: anaipata yote, na mwenye nyumba wa Sinza anatulia.

Ikiingia kwenye mshahara, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) inachukua 5,000, bima ya afya 3,000, PAYE (kodi ya mshahara) 23,750. Zinabaki 68,250, kabla ya ada ya chama. Ila mwajiri naye anaongeza 15,000 PSSSF, na pensheni hukokotolewa kwa mshahara, si posho. Tena posho ni rahisi kufutwa kwa waraka.

Anayekaribia kustaafu akishangilia posho, ameumia. Chama kidai mshahara kwanza.