Bao la kukunja la mninga: uzoefu wangu

Nililinunua kwenye duka moja la vinyago, shilingi elfu hamsini baada ya kuvutana bei. Nimeshalichezea vya kutosha, kwa hiyo naweza kusema.

Mbao yake nzuri, imepigwa msasa ikalainika. Linakunjwa katikati, safu mbili huku, mbili kule, na kete zote zinalala ndani. Unalitia kwenye begi na kupanda nalo daladala. Mashimo yametimia 32, kete 64 kamili. Nilizihesabu palepale dukani.

Ila aliyelichonga si mchezaji. Nyumba, lile shimo kubwa la mraba la kila mchezaji, hakuna! Mashimo yote ya duara, saizi moja, na yamechimbwa juujuu tu. Nilipolipeleka barazani, mzee mmoja aliligeuzageuza akaniuliza, "Kijana, nyumba iko wapi?"

Kwa asiyejua: bao la Kiswahili linaanza na kete sita nyumbani, mbilimbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja kila zamu. Ukiilinda nyumba yako inanenepa, na siku ikisafiri, yaani kete zake zikigawanywa mashimoni, mpinzani ataisikia. Sasa kwenye bao hili, kete zikifika kumi na kitu zinamwagikia shimo la jirani, na ubishi unaanza: hii ilikuwa ya nyumbani au ya pale? Mzee alizirudisha kwa kidole, akazirudisha tena, mwishowe akaagiza liletwe bao lao la zamani, pande zito la mvule lenye nyumba ya mraba inayomeza kiganja.

Kete zenyewe ni gololi za kioo. Zinateleza, zinapiga kelele, na ukichota haraka moja lazima ikimbilie chini ya kiti. Komwe, zile mbegu ngumu za mti, hazina tabia hiyo. Mkono uliozoea unajua umeshika ngapi kabla macho hayajatazama.

Nyumbani kwangu, hata hivyo, wanangu wanalipenda. Wao wanacheza bao la kujifunza, kete mbili kila shimo tangu mwanzo, hakuna kunamua wala nyumba ya kulinda, na kwa mchezo huo linatosha kabisa. Gololi nimewaachia wachezee uani, nikanunua komwe.

Jingine ni bawaba. Moja imeshaanza kulegea kwa sababu skrubu ni fupi mno. Ukipata bao la namna hii, fundi akubadilishie skrubu kwanza ndipo uanze kutembea nalo.