Nyasi au mishubiri (aloe) kwa ua wa nyumba Nairobi?

Nyasi za Kikuyu, ili zibaki kijani Januari na Februari, zinataka takriban milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Ua wa mita 40 za mraba hunywa lita 1,000: tangi zima kila wiki, katika mji wenye mgao wa maji! Faida yake kubwa ni kwamba watoto huchezea juu yake.

Mishubiri ikishashika mizizi hukaa wiki kadhaa bila kumwagiliwa. Kinachoiua ni maji mengi. Embakasi, kwenye udongo mweusi, mvua za Machi hadi Mei hutuama, mizizi ikaoza na majani ya chini yakalegea. Kwa hiyo inua tuta la sentimita 30, changanya udongo mwekundu na mchanga wa mto nusu kwa nusu, panda kwa nafasi ya sentimita 50, kisha tandaza kokoto unene wa sentimita 5 bila kugusa shina. Usitandike nailoni chini ya kokoto. Huzuia mvua kupenya. Karen, penye udongo mwekundu usiotuamisha maji, tuta si lazima.

Sisi tungechagua mishubiri. Penye watoto, acha kipande cha nyasi karibu na jikoni, kimwagiliwe maji ya kuoshea mboga.