Ziara ya mafunzo Moshi, Bagamoyo na Mji Mkongwe kwa siku nne: uzoefu wangu

Kama unasoma Moshi au Arusha ukitokea nje ya Tanzania na chuo kimekuletea fomu ya ziara ya mafunzo ya Bagamoyo na Unguja, jaza. Darasa letu lilikuwa na wanafunzi 26, tisa kati yetu wageni (mimi ni Mkenya), na kifurushi tulichonunua kwa wakala mmoja wa mjini kiligharimu shilingi 380,000 kwa kila mmoja. Humo mlikuwa na Koster, vyumba vya watu watatu watatu, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, tiketi za boti na viingilio. Miji yenyewe haina kasoro hata moja ya kulalamikia. Kilichokosewa ni ratiba na makaratasi, na vyote viwili vinarekebishika kabla hamjalipa.

Tuanze na gari. Koster ya viti 29 ikipakia wanafunzi 26, mwalimu na mwongozaji, mizigo haina pa kukaa ila kwenye korido, na kila mkisimama kuchimba dawa watu wanarukia mabegi. Takeni Koster mbili au basi dogo lenye buti. Njia ni Himo, Same, Mombo, Korogwe, Segera, halafu Msata, ambako mnaacha barabara kuu na kukata kushoto kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo. Msikubali kupelekwa Chalinze na Dar kwanza, ni kuzunguka bure. Safari yote ni kama kilomita 470, na kwa sababu ya vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki, hesabuni saa tisa pamoja na chakula cha mchana Korogwe. Mkiondoka Moshi saa 11 alfajiri mtafika saa 8 mchana. Sisi tuliondoka saa 2 asubuhi, tukafika jioni, na aliyelipa gharama ya kuchelewa huko ni Kaole, magofu ya mji wa zamani wa bandari.

Kaole iko kilomita tano hivi kusini ya Bagamoyo, na ni kosa kuifanya kituo cha kupigia picha dakika 20. Ndiyo mwanzo wa hadithi nzima. Msikiti wa zamani zaidi pale ni wa karne ya 13, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kandokando yake yako makaburi ya nguzo, na kwenye nguzo utaona vishimo vya duara, mahali ambapo bakuli za Kichina zilipachikwa. Weka kidole kwenye kingo za kishimo kimoja uone chokaa ilivyosawazishwa. Kisha geuka utazame upande wa bahari: huioni, unaona mikoko. Bandari ilijaa tope, mikoko ikaota, majahazi yakakosa pa kutia nanga, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwanafunzi akilielewa hilo pale pale, mji anaoufuata unakuwa na maana. Ombeni saa moja na nusu, na mwende mapema asubuhi ya siku ya pili badala ya jioni ya kwanza, kwani kivuli ni kidogo na jua la mchana ni kali.

Bagamoyo kwenyewe mnatembea kwa miguu. Ngome Kongwe ni ya 1860, Boma la Wajerumani la 1897, na kati yake ni mtaa wa nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, nyingine zimeinama vibaya. Mji huu ulikuwa makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar es Salaam. Misheni ya Wakatoliki ilianza 1868, na jumba lake la makumbusho ndilo lililopangwa vizuri kuliko yote tuliyoyaona. Ulizeni mnara mdogo wa kanisa la zamani. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, ulilala hapo baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Kumbukeni jina hilo Chitambo, mtakutana nalo tena Unguja.

Viingilio vya maeneo ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo, si fedha taslimu mlangoni, na viwango vinatofautiana kwa Mtanzania na mgeni. Mwalimu atangulize barua ya chuo yenye majina, uraia na namba za vitambulisho vya wanafunzi wote. Tulipoteza dakika 50 getini kwa sababu wakala aliomba namba moja ya kikundi kizima kana kwamba wote ni Watanzania, ikabidi irudiwe.

Sasa makaratasi, hasa kwa sisi wageni. Zanzibar ni Tanzania, lakini bandarini Unguja kuna ukaguzi wa Uhamiaji kwa wageni wanaoshuka kwenye boti. Beba pasipoti yenyewe, kibali chako cha kuishi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nakala iliyotolewa kivuli haitoshi, na kitambulisho cha chuo peke yake hakitoshi. Wenzangu wawili waliacha pasipoti bwenini Moshi kwa kuogopa kuibiwa, wakakwama kaunta hadi mwalimu alipopiga simu nyingi. Tiketi ya boti huandikwa kwa jina la msafiri, na nauli ya mkazi si nauli ya mtalii, kwa hiyo kibali kionyeshwe wakati wa kukata tiketi. Kukionyesha siku ya safari ni kuchelewa. Kuna pia bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango chake cha kawaida dola 44. Kifurushi chetu hakikuitaja hata kwa mstari mmoja. Mwambieni wakala aandike kwenye mkataba nani inamhusu na nani anailipa.

Boti inachukua karibu saa mbili kutoka Dar. Foleni za Tegeta na Mwenge zinakula muda vibaya, hivyo mkitoka Bagamoyo mchana msilenge boti ya mwisho, laleni Dar mvuke asubuhi. Miezi ya upepo wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, bahari inachafuka. Kaeni ukumbi wa chini, katikati kuelekea nyuma, na anayejijua ana kichefuchefu ameze dawa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika dawa haisaidii tena.

Mji Mkongwe ndio uliostahili siku mbili kamili, tukapewa moja. Anzeni saa 1 asubuhi kabla ya joto, na mgawanyike: vichochoro ni vyembamba, mwongozaji mmoja akiwa na watu 26 basi walio nyuma hawasikii lolote. Watu 12 kwa mwongozaji mmoja ni kiwango kizuri, naye awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, maana mapapasi, wale waongozaji wa mitaani wasio na kibali, wapo tangu getini bandarini.

Pale Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa 1873, na kanisa la Kianglikana likajengwa juu ya uwanja wake chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja miaka mingi kabla ya lahaja hiyo kuteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndani mna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Ndiyo maana nasema Bagamoyo itangulie. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Hapo mwongozaji mzuri hunyamaza, akawaacha mtazame.

Milango msiipite mbio. Wenye kichwa cha upinde mara nyingi ni wa mtindo wa Kihindi, wenye kizingiti cha juu cha mraba kilichoandikwa aya mara nyingi ni wa Kiarabu. Tazameni mfaa, ule mti wa katikati, nao huchongwa kwa bidii. Mkiingia ndani, pimeni upana wa chumba kwa hatua. Vyumba vingi vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki mita tatu hivi. Paa likivuja, boriti zinaoza vichwani zilipoingia ukutani. Na mwenye nyumba akipaka saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unafungiwa ndani na plasta inabanduka vipande. Alama zake mtaziona kila mtaa, na kwa darasa la historia au ujenzi hilo ni somo kamili bila kulipia kiingilio.

Ratiba yetu iliandika "kuingia Beit el Ajaib", yaani Jumba la Maajabu. Jumba hilo la 1883 liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, nasi tulilitazama kwa nje tu, kupitia uzio. Wakala alinakili ratiba ya zamani bila kuisoma. Ikiwa ratiba mnayoletewa ina mstari huo, kagueni na mingine yote.

Ramadhani msiende na kundi la wanafunzi wasiofunga: mchana migahawa mingi imefungwa, na kula hadharani hairuhusiwi. Miezi mingine, chakula cha mchana cha bei nafuu kiko soko la Darajani, na bustani ya Forodhani jioni ulizeni bei kabla mishikaki haijawekwa motoni. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake.

Kurudi ndiko kulikotuvunja. Boti ya saa 1 asubuhi, kisha Koster moja kwa moja hadi Moshi, tukashuka stendi saa 5 usiku na kesho yake vipindi. Ombeni siku tano, na siku ya mwisho iwe ya barabara peke yake. Kwetu siku hiyo ingeongeza kama shilingi 60,000 kwa mtu, na ningezilipa bila kuuliza mara mbili.