Kabla ya Kununua Vishikwambi: Vifaa vya Kidijitali Vinavyomfikirisha Mwanafunzi

Muuzaji akija shuleni na kifaa kilichojaa video za masomo, mwulize swali moja: mwanafunzi anaweza kubadilisha nini humo, na akishabadilisha atalazimika kueleza nini? Kuchambua, kutathmini na kubuni, yaani ngazi tatu za juu katika mpangilio wa Bloom (orodha ya ngazi za kufikiri inayotumiwa na walimu) uliorekebishwa mwaka 2001, hazijengeki kwa kutazama tu.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta mpakato moja na projekta kwa darasa zima, kwa sababu programu bora za kutumia nazo hazilipiwi. GeoGebra, programu ya kuchora maumbo na grafu, inatosha kwa hisabati. Kwa sayansi, majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, hupakuliwa mara moja yakatumika bila intaneti, na baadhi yake yamo kwa Kiswahili. Katika somo la umeme huwataka wanafunzi waandike utabiri wao kabla sijagusa kitufe: tukiunga balbu ya pili sambamba na ya kwanza, mwanga wa ile ya kwanza utapungua? Wengi huandika ndiyo. Balbu inapobaki na mwanga uleule, huku kipimamkondo kilicho karibu na betri kikisoma mara mbili ya mwanzo, darasa huingia katika ubishi wa kutafuta sababu, na kwangu ubishi huo ndio thamani ya projekta. Chagua yenye mwangaza wa lumeni 3,000 au zaidi ikiwa madirisha hayana mapazia, na uulizie bei ya taa ya akiba kabla hujalipa.

Ya pili ni seva ndogo ya Raspberry Pi (kompyuta ya ukubwa wa kiganja) yenye Kolibri, programu ambayo husambaza masomo ndani ya shule bila intaneti. Inazifaa shule ambazo tayari zina chumba cha kompyuta, na hapo ongeza Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu za kompyuta, ambayo nayo ni ya bure, ili wanafunzi wabuni michezo yao wenyewe.

Vishikwambi navipa nafasi ya tatu: vinafaa wanafunzi wakifanya kazi wawiliwawili, lakini bajeti yake ihesabu pia vikasha, chaja na soketi za kutosha.

Ubao wa kielektroniki, ambao mara nyingi huguswa na mwalimu peke yake, pamoja na video za kulipia kila mwezi, viwe vya mwisho.